Kwenda Kibo kutoka Moshi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo Watanzania wanaotaka kufika kambi za juu za Kilimanjaro hutuuliza tunapokaa nao Moshi mjini kupanga safari. Yamewekwa jinsi yanavyokuja, hayakupangwa kwa uzito. Mgeni kutoka nje naye atapata humu ya kumfaa, ila mambo ya ada na usafiri yameandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye kitambulisho cha NIDA mfukoni.

Mnaposema "Kibo" mnamaanisha kilele au kambi?

Kambi. Kilimanjaro ina vilele vitatu vya volkano: Shira, Mawenzi wenye mita 5,149, na Kibo, ule wenye barafu unaouona ukiwa Moshi asubuhi kabla mawingu hayajaufunika. Uhuru, mita 5,895, iko kwenye ukingo wa juu wa Kibo. Kambi ya Kibo yenyewe iko chini ya mteremko huo upande wa mashariki, kwenye mita 4,720 hivi. Anayepita njia ya Marangu hulala hapo kabla ya kujaribu kilele. Anayepita Machame, Lemosho au Umbwe kwa kawaida hulala Barafu, karibu mita 4,670. Kambi hizo mbili zinalingana kwa mwinuko na kwa ubaridi, kwa hiyo mengi ya hapa chini yanahusu zote.

Inaruhusiwa kufika Kibo na kurudi bila kwenda Uhuru?

Inaruhusiwa kabisa. Unamwambia mwongozaji mapema, ratiba inaandikwa hivyo, na unalipia siku unazokaa hifadhini.

Tena ni safari kamili yenyewe. Usiku wa kilele ni kupanda zaidi ya mita 1,100 gizani kuanzia kama saa sita usiku, kwenye baridi iliyo chini ya sifuri, kisha kushuka siku hiyohiyo mpaka kambi ya Horombo. Wengi hawakumbuki walichokiona huko juu zaidi ya visigino vya mtu aliyewatangulia. Anayeishia Kibo anatembea mchana, anaiona Mawenzi upande mmoja na kilele cha Kibo upande wa pili, anavuka jangwa lililo katikati, analala, anarudi na akili zake. Ofisini watakuuliza kwa nini hukufika juu. Waonyeshe picha.

Njia ipi inafaa kwa mtu anayeanza?

Marangu, kama shabaha yako ni Kibo. Ndiyo njia yenye vibanda vya kulala badala ya mahema, inafikika kwa urahisi kutoka Moshi, na unarudi kwa njia uliyopandia, kwa hiyo hata ukiamua kuishia katikati hakuna kinachovurugika. Daladala zinakufikisha Marangu Mtoni, halafu bodaboda au gari ndogo mpaka getini. Kwa kundi, kodini Noah moja, mtafika na mizigo yote pamoja.

Machame inapendeza zaidi kwa macho, na ina faida kubwa ambayo nitaieleza kwenye swali linalofuata, lakini ni mahema tangu usiku wa kwanza, na kutoka Barafu watu hushukia Mweka. Umbwe waachie wenye uzoefu; inapanda kwa kasi mno. Rongai inaanzia Nalemoru, upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya. Huko kunapata mvua kidogo, ila nauli ya kufika inaongezeka.

Siku ngapi zinatosha?

Hili ndilo swali lenye uzito kuliko yote kwenye ukurasa huu.

Tazama namba za Marangu. Geti liko kwenye mita 1,870 hivi. Usiku wa kwanza unalala Mandara, mita 2,720. Wa pili Horombo, mita 3,720. Wa tatu Kibo, mita 4,720. Kila siku umeongeza takribani mita 1,000 za mahali pa kulala. Ushauri wa kitabibu unaofuatwa duniani ni kwamba ukishapita mita 3,000, usiongeze zaidi ya mita 500 za mahali pa kulala kwa siku moja, na kila baada ya siku tatu au nne upumzike siku nzima. Kwa hiyo ratiba fupi ya Marangu inakupandisha kwa kasi mara mbili ya ile inayoshauriwa. Haishangazi kwamba vijana wenye vifua vya mazoezi wanatapika mlangoni mwa Kibo.

Dawa yake ni siku moja ya ziada pale Horombo. Asubuhi mnapanda taratibu mpaka kwenye miamba yenye mistari myeusi na myeupe inayoitwa Zebra, au mnasogea zaidi kuelekea Mawenzi, mnakaa kidogo, kisha mnarudi kulala Horombo palepale. Mwili umeonja mwinuko wa juu na umelala chini. Machame ina jambo hilo ndani ya njia yenyewe: mnapita Lava Tower kwenye mita 4,600 hivi, mnakula chakula cha mchana huku vichwa vikigonga, halafu mnateremka kulala Barranco, chini ya mita 4,000.

Kwa hiyo Kibo bila kilele ni siku tano mpaka sita kwenda na kurudi: Mandara, Horombo, Horombo tena, Kibo, kisha kushuka. Mtu akikuuzia Kibo kwa siku nne kwa sababu "wewe ni Mtanzania, utaweza", tafuta mwingine. Na kama una fedha ya kununua kimoja tu, jaketi la bei kubwa au siku ya ziada Horombo, nunua siku. Jaketi utakodi.

Mimi nimezaliwa Marangu. Mwili si umeshazoea?

Umezoea Marangu. Vijiji vyote vya huko viko chini ya geti, yaani chini ya mita 1,900. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000, na Arusha kwenye mita 1,400 hivi. Mwinuko unaanza kuwasumbua watu wengi kuanzia mita 2,500. Mkazi wa Arusha anamzidi kidogo wa Dar, lakini ni kidogo tu.

Umri mdogo na mazoezi havikingi pia. Mara nyingi anayeumia ni kijana wa mpira aliyetangulia mbele akiwacheka wenzake, na mama wa miaka hamsini anayetembea kama anakwenda kanisani anafika salama. Wanaopanda kila wiki, yaani waongozaji na wagumu (wapagazi wa mlimani), miili yao inabaki imezoea kwa kiasi, lakini nao huugua, na ukikaa chini wiki kadhaa ule uzoefu unayeyuka.

Huu ugonjwa wa mwinuko unatokana na nini hasa?

Oksijeni haiishi huko juu. Hewa ya Kibo ina asilimia 21 ya oksijeni, sawa na ya Tanga. Kinachopungua ni mgandamizo wa hewa, kwa hiyo kila pumzi inaingiza kidogo: Kibo unapata chini kidogo ya asilimia 60 ya kile ambacho ungepata ufukweni. Mwili unajibu kwa kupumua haraka, moyo unaenda mbio, na figo zinatoa mkojo mwingi ili kuweka damu sawa. Kazi hiyo inachukua siku kadhaa. Ukipanda kabla haijakamilika, unaumwa.

Dalili huja saa chache baada ya kufika kambi mpya, mara nyingi jioni au usiku: kichwa kuuma, halafu mojawapo kati ya kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, uchovu usio wa kawaida au kizunguzungu. Hii ni hali ya kawaida na wengi huipata kwa kiasi fulani. Unakunywa maji, unameza panadol, unapumzika, na hupandi kambi nyingine mpaka ikuache. Ukificha ili usiwacheleweshe wenzako, utawachelewesha zaidi kesho.

Tahadhari moja kwa sisi wa huku: homa kali si dalili ya kawaida ya mwinuko. Ukipanda na homa uliyoanza nayo nyumbani inaweza kuwa malaria. Pima kabla ya safari.

Ni lini lazima nishuke?

Kuna hali mbili ambazo hazina majadiliano.

Ya kwanza ni mapafu kujaa maji. Mtu anahema akiwa amekaa tu, anakohoa, baadaye makohozi yanakuwa na povu, pengine la rangi ya waridi, na midomo inabadilika rangi. Ya pili ni ubongo kuvimba. Huyu anapepesuka, anajibu mambo yasiyoeleweka, au anataka tu aachwe alale.

Waongozaji wana kipimo rahisi cha hili la pili. Jioni kibandani utamwona mwongozaji akichora mstari vumbini kwa kisigino, anamwambia mtu atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mguu mwingine. Anaangalia magoti na mikono, hasikilizi maneno, maana kila mtu husema "niko poa, kaka". Akipepesuka, anashushwa saa ileile, iwe saa nane usiku, iwe mvua. Hakuna kusubiri asubuhi. Kushuka hata mita mia chache huleta nafuu kubwa, na njia ya Marangu ina machela ya gurudumu moja kwa ajili hiyo. Oksijeni ya mtungi na sindano vinasaidia kununua muda wa kushuka, haviwi badala ya kushuka.

Uliza kabla ya kulipa: mwongozaji mkuu ana kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni? Ana mtungi? Msaidizi wake anaweza kushuka na mgonjwa bila kundi zima kusimama? Akikujibu kwa kucheka, umeshapata jibu.

Dawa ya Diamox ninywe au nisinywe?

Jina lake la kitabibu ni asetazolamidi. Inausaidia mwili kuharakisha mazoea, na haifichi dalili kama wengine wanavyodhani. Kwa kujikinga watu wazima wengi huandikiwa miligramu 125 asubuhi na jioni, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Muone daktari kwanza, hasa kama Septrin au SP iliwahi kukuletea upele au kuvimba, kwa sababu asetazolamidi ina undugu na dawa hizo za salfa. Jaribu kidonge nyumbani kabla ya safari. Vidole vitakuwasha, utakojoa sana, na soda itakuwa na ladha ya ajabu. Hayo ni ya kawaida.

Kwa maoni yangu, mtu mwenye siku ya ziada Horombo mara nyingi haihitaji. Mwenye ratiba fupi huinywa ili kufidia siku aliyoibana. Dawa za usingizi acha kabisa, na mbege ya Marangu itakusubiri mpaka ushuke.

Nina presha, sukari, selimundu, au ni mjamzito. Je?

Mwenye selimundu asipande. Upungufu wa oksijeni ndiyo hasa unaoleta maumivu makali ya ugonjwa huo. Mjamzito aahirishe. Presha iliyodhibitiwa na dawa siyo kizuizi, lakini daktari wako aseme. Mwenye sukari akumbuke kwamba insulini ikiganda inaharibika, na vipimo vingi vya sukari hudanganya kwenye baridi, kwa hiyo vyote vinakaa ndani ya nguo, karibu na mwili. Watoto: umri wa chini kwa wanaokwenda kileleni ni miaka 10. Wadogo zaidi wapeleke Mandara, wakazunguke kreta ya Maundi na kuwatazama mbega. Watafurahi kuliko wangefurahi Kibo.

Nijiandae vipi?

Tembea. Siyo gimu, tembea, na mgongoni uwe na begi lenye kilo tano au sita. Miezi miwili ya kutembea saa tatu hadi sita kila wikiendi inatosha kwa mtu mwenye afya. Wa Moshi anaweza kwenda na kurudi Mandara kwa siku moja. Zoea kushuka pia; magoti huharibikia kwenye kushuka.

Maandalizi bora kuliko yote yako Arusha. Mlima Meru, mita 4,566, unapandwa kutoka lango la Momella, unafika kupitia Usa River. Usiku wa kwanza Miriakamba, mita 2,514, wa pili Saddle, mita 3,570, na mchana unaweza kupanda Meru Ndogo, mita 3,820. Mnaongozana na askari mwenye bunduki kwa sababu ya nyati. Twiga mtawakuta njiani wakiwatazama kama ninyi ndio kivutio. Mtu aliyelala Saddle siku chache kabla ya kwenda Marangu anafika Horombo akiwa na hali tofauti kabisa na wenzake.

Nguo nitapata wapi bila kufilisika?

Soko la Memorial, Moshi. Mitumba ya huko ina vitu ambavyo duka la vifaa vya milimani Ulaya lingeviuza kwa mshahara wako wa mwezi. Nenda asubuhi, nenda na mtu anayejua. Tafuta flisi, suruali isiyo ya pamba, soksi za sufu, mzula, na glavu za aina mbili, nyepesi za ndani na nzito za nje. Jinzi usibebe. Pamba ikilowa jasho haikauki, na ukisimama dakika kumi kwenye upepo wa jangwa la Kibo utaelewa kwa nini.

Vya kukodi ni vitu vikubwa: jaketi zito lililojazwa manyoya, mfuko wa kulalia unaostahimili baridi chini ya sifuri, fimbo za kutembelea, koti la mvua na suruali yake. Maduka ya kukodisha yapo mjini na mengine karibu na mageti. Kagua zipu ukiwa dukani, fungua na funga mara tatu. Zipu mbovu Kibo ni usiku mrefu. Buti usikodi ukiweza. Nunua, hata za mtumba, uzivae mtaani mwezi mzima kwanza.

Taa ya kichwani na betri za akiba. Miwani ya jua. Mafuta ya kujikinga na jua, ndiyo, hata ngozi nyeusi inabanduka huko juu, pua hasa.

Tutakula nini?

Chakula cha kawaida, na mpishi wa mlimani anakijua. Asubuhi uji, mayai, mkate. Njiani ndizi, karanga, biskuti. Jioni supu kwanza, halafu wali, tambi, viazi au ugali. Kundi la Watanzania linaweza kuomba mtori, na nashauri liombe: unashuka kooni hata mtu akiwa hana hamu, una chumvi na una wanga. Kadiri mnavyopanda hamu inapotea, nyama ndiyo ya kwanza kuchukiza. Kula hivyohivyo, kidogo kidogo.

Maji, lita tatu hadi nne kwa siku pamoja na chai na supu. Zaidi ya hapo si ushujaa. Maji mengi kupita kiasi bila chumvi nayo yanaumiza. Ukitoka Horombo mtapita mahali palipoandikwa kuwa ndipo maji ya mwisho. Kutoka hapo mpaka Kibo hakuna kijito, kila lita inayochemshwa Kibo imebebwa kichwani na mtu. Barafu ni vivyo hivyo, maji yake yanatoka Karanga. Kumbuka hilo kabla ya kuomba maji ya moto ya kunawa miguu. Chupa za plastiki za kutupa haziruhusiwi kupita getini, beba chupa ya kudumu.

Gharama ikoje?

Raia wa Tanzania na wa Afrika Mashariki wanalipa ada za hifadhi kwa shilingi na kwa kiwango cha chini sana kuliko wageni, lakini lazima kitambulisho kionekane. Ada hubadilika, kwa hiyo angalia za mwaka huu kwenye tovuti ya TANAPA. Utalipia kiingilio cha kila siku, kulala kibandani au kambini, na uokoaji. Getini hawapokei fedha taslimu. Malipo hufanywa kwa namba ya kumbukumbu unayopewa. Baada ya hapo kuna mwongozaji, mpishi, wagumu, chakula, gari, na vifaa vya kukodi. Kwa Mtanzania sehemu hii ya pili ndiyo inayokula fedha nyingi, na ndipo watu hukimbilia kubana. Ambapo si pa kubana ni hapa panapofuata.

Wagumu wanabeba kiasi gani, na tipu ni lazima?

Mzigo wa mgumu mmoja haupaswi kuzidi kilo 20. Getini mizigo inapimwa kwenye mizani, na ukisimama pale utaona michezo: begi linatolewa sufuria, linapimwa, na mbele kidogo kwenye kona sufuria inarudi. Kundi likibana idadi ya wagumu ili kuokoa fedha, zile kilo haziyeyuki, zinahamia shingoni mwa mtu. Kwa hiyo begi lako la kubebwa lisizidi kilo 12 hivi. Viatu vya akiba vya kupigia picha bakisha Moshi.

Tipu haipo kwenye sheria, ila mapato ya mgumu yanaitegemea. Niseme wazi: makundi ya kwetu yana sifa mbaya katika hili. Mzungu anaonekana ndiye wa kutoa, sisi tunatoa "asante, bro" na picha ya pamoja. Changeni kabla ya kuondoka Moshi, kila mtu kiasi kilichokubaliwa, ikae kwenye bahasha. Siku ya mwisho tangazeni jumla mbele ya wote na kila mmoja apewe mkononi mwake, kuanzia mgumu wa mwisho mpaka mwongozaji mkuu. Bahasha moja ikikabidhiwa kwa mtu mmoja, mara nyingi haifiki chini.

Unapochagua kampuni, uliza wagumu wanalipwa lini na wanakula mara ngapi kwa siku. Mradi wa KPAP ulioko Moshi hufuatilia jinsi kampuni zinavyowatendea wapagazi, na huwaazima nguo za mlimani. Ukishuka na glavu usizozihitaji tena, wape.

Naweza kwenda mwenyewe, bila mwongozaji?

Hapana. Hifadhi hairuhusu, hata kama babu yako alichunga mbuzi pale getini.

Msimu gani ni mzuri?

Januari mpaka mwanzoni mwa Machi, na Juni mpaka Oktoba. Masika, kuanzia Machi mwishoni hadi Mei, msitu wa chini unakuwa tope tupu, ingawa kati ya geti na Mandara mvua inaweza kunyesha wakati wowote wa mwaka. Misafara mingi ya Watanzania huenda Desemba ili kuwa juu tarehe 9, siku ambayo Alexander Nyirenda alipandisha Mwenge na bendera mwaka 1961. Ni safari yenye raha yake na nyimbo zake, lakini ni vuli, na vibanda vinajaa. Kama unapenda utulivu, chagua Februari.

Kulala Kibo kukoje?

Jengo ni la mawe, tofauti na vibanda vya mbao vya Mandara na Horombo. Vyumba vina vitanda vya ghorofa, magodoro, na ubaridi wa kuta. Mnafika mchana, kama saa nane au tisa, wengi wakiwa kimya. Chai inaletwa na sukari nyingi. Jua likizama nyuma ya Kibo, joto linaondoka kwa dakika chache, na utawaona watu wakivaa kila walichonacho kabla ya kujifungia kwenye mifuko ya kulalia.

Usingizi haukamiliki. Utashtuka ukihema, unapumua haraka, kisha pumzi inasimama kidogo, kisha inarudi. Hiyo ni kawaida kwenye mwinuko huo. Choo kiko nje, na utakihitaji, kwa hiyo taa iwe chini ya mto na viatu mahali pa kufikika. Kama saa tano usiku wanaokwenda Uhuru wanaamka, zipu, kikombe, mtu anatafuta glavu ya kushoto. Wewe geuka upande wa pili.

Beba karatasi za chooni na mfuko wa kurudishia taka zako. Wanawake: hedhi inaweza kubadilisha tarehe huko juu, beba pedi hata kama siyo wiki yako.

Simu inashika?

Kwa vipande. Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti mlimani mpaka Horombo, na baadaye mwaka huohuo mpaka kileleni. Ila juu ya Horombo usiitegemee sana. Baridi inamaliza betri haraka, kwa hiyo lala na simu ndani ya mfuko. Waambie nyumbani kwamba siku mbili unaweza kuwa kimya, la sivyo bibi atapiga simu polisi.

Nikifika Kibo, nitaweza kwenda kambi ya msingi ya Everest?

Utakuwa umepima jambo la maana: jinsi mwili wako unavyopokea mwinuko. Kambi ya Everest upande wa Nepali iko kwenye mita 5,364, juu ya Kibo kwa zaidi ya mita 600. Lakini huko watu huanzia Lukla, mita 2,860 hivi, na kupanda kwa siku nane hivi, wakipumzika Namche kwenye mita 3,440 na tena Dingboche. Unapanda juu zaidi ila polepole zaidi. Wengi walioteseka Kibo kwa ratiba fupi wamefika huko bila shida.

Na kama unawaza kilele chenyewe, njia imeshakanyagwa: Wilfred Moshi alikuwa Mtanzania wa kwanza kusimama juu ya Everest mwaka 2012, na Rawan Dakik alifuata mwaka 2021 akiwa na miaka 20.

Nikishuka, kesho yake naweza kwenda kazini?

Omba siku moja. Kutoka Kibo mpaka getini ni kama kilomita 28 za kushuka, kwa siku mbili, na asubuhi ya tatu ngazi za nyumbani utazishuka kinyumenyume. Kichwa kitakuwa kimepona tangu Horombo. Uso au mikono iliyovimba hupungua uvimbe yenyewe. Lakini kikohozi kinachoendelea, au pumzi fupi ukiwa umekaa, nenda hospitali ya KCMC au ya Mawenzi siku hiyohiyo, uwaambie umetoka mlimani na ulilala mita ngapi.

Vya kukodi virudishe jioni mnayofika mjini, na kabla ya kuondoka siku ya kwanza uliza dukani kama siku ya kushuka inahesabiwa kwenye malipo.